Giaboksi ya Otomatiki Haifi kwa Uzee, Hufa kwa Joto

Msimu wa ununuzi wa pamba, ambao kwa kawaida hufunguliwa mwezi wa Mei, huugeuza Mkoa wa Simiyu kuwa mkoa wa magurudumu. Kutoka Bariadi hadi Maswa, kutoka Itilima hadi Meatu na Busega, malori hupanga foleni kwenye maghala ya vyama vya ushirika na kwenye viwanda vya kuchambua pamba. Lakini kabla ya lori ipo pikapu. Pikapu ndiyo inayoingia kule ambako lori haliwezi kuingia. Ndiyo inayopeleka mbegu na dawa ya kunyunyizia, ndiyo inayopeleka mizani na magunia, na usiku huohuo mtoto akizidiwa na homa, pikapu ileile hugeuka kuwa gari la wagonjwa.

Kwa miaka mingi pikapu hizo karibu zote zilikuwa za manyuo, yaani dereva anakanyaga klachi na kuchagua gia kwa mkono. Siku hizi mambo yamebadilika. Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam ni ya otomatiki, na pikapu nazo zimefuata mkondo huo. Hata Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ya mkonga inayojulikana na kila mganga mkuu na kila afisa ugani, mwaka 2023 ilitangazwa na Toyota ikiwa na gia otomatiki za hatua sita. Kwa hiyo hili si suala la magari ya kifahari ya mjini tena. Ni suala la gari la kazi.

Na pamoja na magari hayo yamekuja malalamiko. Ukipita kwenye gereji utaambiwa kwamba otomatiki si gari la shamba. Utaambiwa kwamba giaboksi zake hazidumu, na kwamba dawa yake ni kuing'oa na kufunga ya manyuo. Wako wenye magari waliokwisha kufanya hivyo, kwa gharama kubwa. Wako wengine waliouza ng'ombe kadhaa ili kununua giaboksi ya mtumba, nayo ikadumu msimu mmoja tu, ikafuata njia ya mwenzake.

Hebu basi tujiulize, ndugu msikilizaji: ni kweli kwamba giaboksi ya otomatiki ni dhaifu? Jibu ni kwamba si dhaifu, ila ina adui mmoja ambaye ile ya manyuo haimwogopi sana. Adui huyo ni joto. Na ubaya wake ni kwamba hapigi hodi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Ili kumfahamu adui huyu, hapana budi tufahamu kwanza jinsi giaboksi hiyo inavyofanya kazi.

Katika gari la manyuo, injini na giaboksi huunganishwa na sahani ya klachi inayobanwa kwa nguvu. Ukiachia pedali, chuma kimeshikana na chuma. Katika otomatiki ya kawaida hakuna klachi ya namna hiyo kati ya injini na giaboksi. Mahali pake pana chombo cha duara kinachoitwa toki konveta, nacho kimejaa oili. Chukua feni mbili za mezani, uzitazamishe uso kwa uso. Washa moja, ya pili uiache bila umeme. Upepo wa ile ya kwanza utaizungusha ya pili. Hivyo ndivyo ilivyo ndani ya toki konveta, ila badala ya upepo kuna oili. Feni moja inazungushwa na injini, inairusha oili, na oili inaizungusha feni ya pili iliyounganishwa na giaboksi.

Wazo hili si geni. Mjerumani Hermann Föttinger alilipatia hataza mwaka 1905 kwa ajili ya meli. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza giaboksi ya otomatiki iliyoitwa Hydra-Matic, ikafungwa kwenye magari ya Oldsmobile, na wakati wa Vita Kuu ya Pili ikafungwa hata kwenye vifaru vyepesi. Kitu kilichosukuma vifaru hakiwezi kuitwa kitu cha mchezo.

Lakini rudi kwenye zile feni mbili. Ishike kwa mkono ile isiyo na umeme, isizunguke. Feni ya kwanza itaendelea kuvuma na umeme utaendelea kuliwa. Nguvu hiyo inakwenda wapi? Haipotei. Inageuka kuwa joto. Vivyo hivyo, kila wakati injini inapozunguka kwa kasi huku magurudumu yakigoma au yakienda polepole, nguvu ya injini inaishia kuipasha moto oili.

Tufanye hesabu ya darasani. Injini ya dizeli ya pikapu ya kisasa inaweza kutoa zaidi ya kilowati 100. Tuseme gari limezama mchangani na dereva anakanyaga mafuta kiasi tu, injini inatoa kilowati 30, na gari halisogei. Hayo ni sawa na majiko 15 ya umeme, ya kilowati mbili kila moja, yaliyowashwa chini ya sufuria moja. Na ndani ya sufuria hiyo mna oili lita kumi hivi. Ukikokotoa utakuta kwamba oili hiyo, kama isingepata mahali pa kupoozwa, ingepanda kwa zaidi ya nyuzi moja na nusu kwa kila sekunde. Ni kweli kwamba chuma cha giaboksi nacho hunyonya sehemu ya joto, lakini nusu dakika ya kung'ang'ana inatosha kuipandisha oili kwa makumi ya nyuzi. Ni nani kati yetu, akizama, ameng'ang'ana kwa nusu dakika tu?

Sasa, oili ya giaboksi ya otomatiki, ile ambayo mafundi wengi huiita haidroliki, ina kazi nne kwa wakati mmoja. Inapitisha nguvu, kama tulivyoona. Inabana klachi ndogondogo za ndani zinazobadilisha gia. Inalainisha. Na inabeba joto kulitoa nje. Kwa kawaida hufanya kazi zake vizuri ikiwa kati ya nyuzi 80 na 95 za Sentigredi. Ikivuka 120, huanza kuharibika upesi. Kanuni ya makadirio wanayoitumia mafundi duniani kote ni kwamba kila joto linapozidi kwa nyuzi kumi hivi juu ya kiwango chake, umri wa oili hupungua kwa nusu. Ikikaribia 150, mihuri ya mpira hukakamaa, na zile sahani za klachi ambazo uso wake ni kama karatasi ngumu huanza kuungua. Oili ikishachoka haibani klachi sawasawa. Klachi isiyobanwa sawasawa huteleza. Klachi inayoteleza hutoa joto zaidi. Joto zaidi huichosha oili zaidi. Hapo ndipo giaboksi inapoanza kujila yenyewe.

La kusikitisha ni kwamba dereva haoni lolote. Mshale wa joto kwenye dashibodi unaeleza habari za maji ya injini, hauelezi habari za oili ya giaboksi. Mshale unaweza kutulia katikati huku giaboksi ikiungua. Baadhi ya pikapu zina taa ya onyo iliyoandikwa A/T OIL TEMP, lakini taa hiyo huwaka mambo yakiwa yameshafika mbali. Na giaboksi iliyounguzwa mwezi wa Machi yaweza kuendelea kutembea hadi Agosti ndipo ikate roho. Siku hiyo atakayekuwa kwenye usukani ndiye atakayelaumiwa. Wako madereva waliofukuzwa kazi na kudaiwa fidia kwa giaboksi iliyouawa na mtu mwingine, miezi mingi nyuma, katika mchanga wa korongo asilolijua. Kwa hiyo mazungumzo haya si ya vyuma tu. Ni ya haki pia.

Joto hilo hutolewaje? Katika pikapu nyingi, oili hutoka kwenye giaboksi kwa mabomba mawili membamba hadi kwenye rejeta ya injini. Ndani ya rejeta, katika tangi lake la chini au la pembeni, kuna kipoza oili kidogo kilichozungukwa na maji. Oili inawaachia maji joto lake, na maji yanauachia upepo. Baadhi ya magari yana pia rejeta ndogo ya oili iliyofungwa mbele, inayopigwa na upepo moja kwa moja. Kwa maana hiyo, uzima wa giaboksi unategemea rejeta kuliko watu wengi wanavyodhani. Rejeta ikiziba, si injini tu inayoumia.

Na hapa ndipo nchi ya Simiyu inapoingia, kwa sababu mazingira yake yana mitego ambayo kitabu cha gari kilichoandikwa Japani hakiitaji kwa majina.

Mtego wa kwanza ni vumbi, na mwenziwe ni mbegu za nyasi. Pikapu inayopita kwenye njia za nyasi ndefu, hasa upande wa Meatu na kule kunakoelekea Pori la Akiba la Maswa, hukusanya mbegu na nyuzi za nyasi kwenye matundu ya rejeta. Msimu wa pamba nyuzi za pamba nazo huongezeka. Ukitazama kwa mbele utaona safi, kwa sababu uchafu umejificha kati ya rejeta ya maji na ile ya kiyoyozi. Dawa yake ni kumulika kwa tochi kati ya hizo mbili, kisha kupuliza kwa upepo wa kompresa au maji ya nguvu ndogo, ukianzia upande wa injini kwenda mbele, yaani uchafu utokee kulekule ulikoingilia. Maji ya nguvu kubwa ya kuoshea magari hulaza mapezi ya rejeta, na pezi lililolala halipitishi upepo kama lilivyo pezi lililozibwa. Kazi hii kwa pikapu ya shamba ifanywe kila mwezi wakati wa kiangazi.

Mtego wa pili ni udongo. Wasukuma, ambao ni wakulima hodari, wana majina ya udongo wao. Luseni ni ule wa kichanga, na mbuga ni ule mweusi wa mfinyanzi. Kwa dereva wa otomatiki majina hayo yanatosha kuwa somo zima. Kwenye luseni gurudumu huchimba. Kwenye mbuga wakati wa mvua gurudumu huteleza na kubeba tope zito. Kote huko gari hutaka nguvu nyingi kwa mwendo mdogo, na hiyo ndiyo hali inayozaa joto kuliko zote. Tope la mbuga likirukia rejeta na kukauka huwa kama plasta ya ukutani.

Mtego wa tatu ni maji. Mahali pengi, na hususan Meatu, visima vina maji ya chumvi. Mtu akiyamimina kwenye rejeta kwa miaka miwili au mitatu, hufanya ukoko kama ule wa birika na kutu. Ukoko huzuia joto kutoka, na kutu hula ukuta mwembamba wa kile kipoza oili kilichomo ndani ya rejeta. Siku ukuta huo ukitoboka, maji yanaingia kwenye giaboksi. Oili nyekundu hugeuka rangi ya waridi, nzito kama mtindi. Ukiiona rangi hiyo usiliwashe gari hata kidogo, maana maji huzibandua sahani za klachi kama yanavyobandua bango ukutani. Kwa hiyo jaza rejeta kwa kulanti inayotakiwa, na kama ni lazima kuongeza maji njiani, yawe ya mvua au ya kunywa yasiyo na chumvi. Na unapobadili rejeta, usinunue ile ya manyuo kwa kuwa ni rahisi: haina kipoza oili ndani yake, na fundi atalazimika kuziunganisha zile bomba mbili, oili irudi na moto wake wote.

Mtego wa nne ni mzigo. Pikapu nyingi za aina hii zimeundwa kubeba kama tani moja. Gunia la pamba si zito kama gunia la mpunga, na hilo humdanganya mpakiaji: anapanda juu hadi mzigo unakuwa kama nyumba. Pikapu iliyopakiwa hivyo ikifika kwenye lami ya kwenda Lamadi na kukimbizwa, inapigana na upepo kama inayopanda mlima kutwa nzima. Ongeza tela, ongeza matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani, ongeza chuma cha mbele na taa kubwa zinazoziba njia ya upepo, na umekamilisha hesabu ya kuiunguza giaboksi.

Tuje sasa kwenye uendeshaji, maana mguu wa dereva ndio unaowasha lile jiko.

Ukiingia kwenye mchanga au tope, tia foo-wili mapema, na gari likiwa linakwenda taabani tumia foo-wili nzito, ile ya L. Watu wengi huihifadhi hiyo kama dawa ya mwisho, kumbe ndiyo inayoiokoa giaboksi. Injini huzunguka vizuri, magurudumu hupata nguvu, na toki konveta haiachwi ikichuruza oili bure. Kwenye mchanga punguza upepo wa matairi, na ukishatoka ujaze tena. Ukizama, usifanye ule mchezo wa kupeleka D, R, D, R huku umekanyaga mafuta. Jaribu mara mbili au tatu kwa utaratibu. Likigoma, shuka ukachimbe na kutandika matawi. Koleo ni rahisi kuliko giaboksi.

Kwenye mwinuko mrefu au ukiwa na mzigo, gia zikawa zinapanda na kushuka kila mara, zuia gia ya juu. Magari ya zamani yana kitufe cha O/D kwenye mkono wa gia. Mapya yana njia ya kuchagua gia mwenyewe. Kila gia inapobadilishwa, klachi fulani huteleza kidogo ndipo ishike, na kila kuteleza ni joto. Aidha, ndani ya toki konveta kuna klachi inayozifunga zile feni mbili ziwe kitu kimoja gari likishika mwendo wa kutulia. Ikijifunga, joto hushuka mara moja. Mwendo wa kutulia ndio unaoiruhusu ijifunge. Mwendo wa kukurupuka huifungua.

Kwenye mteremko usiweke N ukidhani unaokoa mafuta. Tia gia ndogo, injini ilishike gari. Ukisimama kwenye mlima, shikilia kwa breki, usishikilie kwa mafuta.

Na taa ya onyo ikiwaka, au ukinusa harufu ya kuungua, au ukiona injini inanguruma na gari haliongezi mwendo, simama mahali salama. Zima kiyoyozi. Weka P, vuta breki ya mkono, lakini usizime injini. Hili huwashangaza wengi. Injini ikiwa inazunguka taratibu, pampu ya giaboksi inaendelea kuizungusha oili hadi kwenye rejeta, na feni inapooza. Ukizima, oili ya moto husimama palepale ilipo na kuendelea kupikika. Subiri hadi taa izimike. Bali kama mshale wa maji ya injini nao umefika juu kabisa, au maji yanavuja, hapo zima, kwa kuwa injini inakuwa hatarini zaidi. Mfuniko wa rejeta usiuguse hadi ipoe.

Ukifika mtoni wakati wa masika, Simiyu au Duma au vijito vyake, na giaboksi iko moto, usiingie majini papo hapo. Giaboksi ya moto ikipoa ghafla huvuta pumzi, na kama kijibomba chake cha kupumulia kimeziba au kiko chini, huvuta maji. Subiri robo saa, na mwambie fundi akihakikishe kijibomba hicho.

Kuhusu oili yenyewe, yapo mambo matatu. Kwanza, si kila oili nyekundu ni sawa. Toyota nyingi za karibuni hutumia aina iitwayo WS; za zamani hutumia T-IV au Dexron; Nissan wana ya kwao; Ford Ranger yenye gia kumi hutaka Mercon ULV, nyepesi sana. Oili isiyo yake huifanya klachi iteleze hata bila mzigo. Soma kitabu cha gari, na ununue kopo lililofungwa. Pili, maneno kwamba oili hiyo ni ya maisha yasiwadanganye. Ni ya maisha kwa gari linalokwenda ofisini na kurudi. Kwa pikapu ya mzigo na vumbi, mafundi wengi hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 40,000 na 60,000. Ukiifungua ya chini hutoka kama theluthi hivi, maana nyingine hubaki ndani ya toki konveta. Kwa hiyo rudia mara mbili au tatu kwa vipindi, na filta ikaguliwe. Tatu, ipimwe kwa njia yake. Yenye kijiti hupimwa gari likiwa tambarare, injini ikiunguruma na oili ikiwa ya moto. Isiyo na kijiti hupimwa na fundi kwa kifungo maalumu na kwa joto lililotajwa kitabuni. Nyekundu au ya hudhurungi kidogo ni nzima. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni barua ya msiba.

Mafundi nao wana sehemu yao. Upo mtindo wa kuing'oa themostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Jambo hilo laweza kuleta kinyume cha kinachotafutwa. Katika magari mengi, kompyuta hairuhusu ile klachi ya toki konveta ijifunge, wala gia ya juu iingie, hadi maji ya injini yapate joto la kutosha. Bila themostati maji huchelewa kupata joto, na safari nzima zile feni mbili zinabaki zimefunguliwa zikizalisha joto. Mtu ameitoa themostati ili apoze, kumbe anaiunguza giaboksi. Kinyume chake, kuongeza rejeta ndogo ya oili mbele ya rejeta kubwa ni kazi ya nusu siku, na kwa pikapu inayovuta tela au kulala mashambani ni fedha iliyotumika vizuri. Iunganishwe baada ya ile ya ndani, oili iipitie mwishoni ndipo irudi kwenye giaboksi. Kadhalika kuna kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuonyesha kwenye simu habari za kompyuta ya gari. Katika magari mengi ya miaka ya karibuni kinaonyesha joto la oili ya giaboksi. Mwenye gari anayeajiri dereva afikirie kukinunua kabla hajanunua redio.

Jambo la mwisho ni kuvutwa. Otomatiki iliyoharibika haisukumwi ili iwake, maana pampu yake huzungushwa na injini. Na ikivutwa kwa kamba magurudumu ya nyuma yakizunguka, injini imezimwa, vyuma vya ndani vinasagana bila oili. Safari ya kutoka Mwanhuzi hadi Bariadi kwa namna hiyo yaweza kuimaliza giaboksi iliyokuwa na kasoro ndogo tu. Ipakiwe juu ya lori; na kama hakuna budi kuivuta, zifunguliwe propela kwanza.

Ndugu msikilizaji, wakulima wa Simiyu hawahitaji kuambiwa thamani ya kumpumzisha mnyama wa kazi. Anayelima kwa ng'ombe hampigi maksai jua la saa saba bila kumpa maji, kwa sababu anamwona akihema. Giaboksi haihemi mbele za macho yetu. Ndiyo sababu mwenye gari, dereva na fundi wanapaswa kuwa na daftari moja: siku rejeta iliposafishwa, kilomita oili ilipobadilishwa, siku gari lilipozama na kwa muda gani. Daftari hilo litaiokoa giaboksi. Na siku itakapokufa, maana kila chombo kina mwisho wake, litamwokoa dereva asibebeshwe msiba usio wake.

Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema.